Mkuu Yule Yule wa Siyu

Siyu, Jumanne, 1956

Kumbe ni mtu yule yule. Nimefurahi hata usingizi hauji.

Wazee wa Mkomani, mtaa wetu wa Amu, wamenituma nitazame mambo ya huku wanakojichagulia mkuu, kwa kuwa Ijumaa watakata shauri: tuchague wenyewe mkuu wa mtaa, au tuendelee kupewa na Serikali. Jana nilikuwa nikiilinganisha Siyu na Amu, na mwenyeji wangu, Bwana Shee, akanicheka. "Walinganisha papa na mbuzi, bwana. Amu ni nti nyengine."

Iliniuma, kwa kuwa kweli hizi ni nchi mbili. Nikamkumbuka marehemu mke wangu, Zena. Alipoishuku hamira, hakugusa unga wala tui. Alibadili hamira peke yake, kisha akanipa mkate nionje.

Leo nikamuuliza Bi Mwana, aliyekuwa akiteka maji, mbona kisima chao ni safi hivi. Akasema mkuu wao huwaita, nao huenda kukisafisha.

"Na zamani?"

"Zamani ni vyura tu. Akiita, hatwendi."

"Alikuwa mkuu mwingine?"

"Ni uyu uyu. Zamani tulipawa na Serikali. Mwaka jana tukaulizwa, tukamtaka yeye. Sasa ni wetu, twamtukana na twenda."

Kisima kile kile, watu wale wale. Kilichobadilika ni kuulizwa tu.

Naogopa kidogo. Siyu ni mji mmoja, na huenda kwingine kusiwe hivi. Lakini Ijumaa wakiniuliza tumchague nani, nitasema hata huyu tuliye naye. Ila tuulizwe.