Kaniki Mpya Njia ya Ziwani

Jumapili, Sagara. Jua linazama.

Mwanangu bado amelala. Toka adhuhuri amelala, na mimi namtazama tu.

Ni mimi niliyeng'ang'ania kuja. Wifi Tatu kila akija kwetu Gongoni husifu ziwa lao: masika au kiangazi, watu wanaoga, wanavua, wanatembea bondeni. Nikataka mwanangu Salumu ayaone maji mengi. Na leo ameyaona. Aliyapiga kwa viganja, akacheka mpaka akapata kwikwi.

Lakini jana njiani, kwenye kizuizi wanapokagua wapita njia wasibebe mbung'o, mzee mmoja mwenye wavu alikamata watano juu ya kaniki niliyombebea. Mmoja alikuwa ameshiba damu.

"Mama, nani kakwambia upite porini na kaniki? Mbung'o wanafuata nguo nyeusi."

Kaniki ilikuwa mpya; nilitaka wifi aione.

Sasa Salumu ana uvimbe shingoni, kama punje ya mtama. Nawaza malale tu, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Wifi ananicheka: "Mtoto kacheza majini tangu asubuhi, asilale? We mama, muache!"

Nimemwamsha mara mbili, akasinzia tena. Sasa hivi, mara ya tatu, ameniuma titi kwa vijino vyake viwili, akalia kwa hasira. Sijapata kupenda kilio hivyo.

Ila yule mzee alisema malale huja polepole, tumwangalie mwezi mzima. Mwezi mzima...

Kesho kutwa tunarudi kwa njia ile ile. Nguo nyeupe ninayo moja tu, ya kusalia. Nitambebea hiyo.