Mikono Chini ya Kitenge

Nakivale

Mwanangu Furaha,

Uko mzima? Tumbo iko namna gani? Miguu inavimba? Unijibu ya kweli, usinifiche kitu juu niko mbali. Sisi wakimbizi huku Mungu anatuchunga, mvua imeanza, maharagi yameota.

Kuna habari. Kile kituo cha bamama kule Mbarara, fasi ya Nyamitanga, waliniita nifundishe kufinyanga. Haiko kama kwetu, kuzunguka chungu na kukipiga na kijiti. Huku unakaa, gurudumu ndiyo inazunguka, chungu kinapanda mu mikono. Mimi mwenyewe nilijifunza mwaka mzima. Wakanipa siku mbili za kunijaribu.

Siku ya kwanza niliharibu. Unajua kwetu mama hawezi kuacha chungu cha mwanafunzi kipinde, watu watamucheka yeye. Basi kila mwenye kushindwa, naingiza vidole, nanyoosha. Mangaribi vyote vizuri! Mkubwa wa kituo akaviangalia, akasema, "Mama Furaha, hivi vyote ni mikono yako. Wao wametengeneza nini? Kesho ukigusa tena, tutatafuta mwalimu mwingine."



Kesho yake nikaingiza mikono chini ya kitenge, nikaikalia. Mwanangu, vidole viliniwasha! Kulikuwa mama mmoja, bibi ya askari, anatoka kambi ya jeshi. Bakuli yake ilianguka mara tatu. Akaniita vile huku wanaita mama, "Nyabo, saidia! Hii inalewa kuliko bwana yangu!" Bamama wakacheka mpaka gurudumu zikasimama. Nikamwambia, "Lowesha mikono. Viwiko juu ya magoti. Usiiharakishe." Mara ya nne ikasimama. Imepinda, mdomo huku juu, huku chini. Nikataka kunyoosha kidogo tu, akaniona nikisogea. "Wacha! Hii ni ya mimi!"

Mkubwa alikuwa mlangoni anatuangalia, akacheka. Akaniambia nirudi kila juma.

Sasa, uliniuliza namna ya kuosha mtoto. Nilikuwa nimekuandikia karatasi mbili zimejaa. Nimezichana. Utajua mwenyewe, na mama mkwe wako yuko karibu.

Umusalimie sana yeye, umuambie asante kwa kukutunza. Salimia bwana yako, na dada yangu mwenye kuuza mawese pale soko ya Uvira.

Ni mimi mama yako, mwenye kukuwaza mingi,
Mama Furaha

Lakini shingo ya mtoto, mwanangu. Umushike vizuri shingo.