Kwa Mama Fundi, Uliyefundisha Watoto Kuogelea Mezani

Mwaka mzima umekatika, Mama, tangu cherehani yako inyamaze. Ninayeandika ni mimi, binti yako mkubwa, kwa niaba ya familia. Wenzangu wamenichagua wakisema mdomo ninao. Wasije wakajuta.

Tunakukumbuka na utepe wa kupimia shingoni, hata kwenye harusi za watu. Ulikuwa unabana pini mdomoni na bado unagombana. Mteja akichelewa kuchukua gauni lake, unamvalisha jirani aende nalo dukani, "lisichoke kuning'inia." Tulikuwa tunaona aibu kweli. Leo tunaitamani aibu ile.

Shimo la kokoto nyuma ya mtaa wetu lilimchukua mwanao wa pili, mwaka ule mvua zilipolijaza. Ulichosema ni, "Hakuna aliyemfundisha kuogelea," ukarudi kwenye cherehani. Tangu siku hiyo ulikuwa na neno moja tu: watoto wa hapa wajue kuogelea.

Bwawa lilikuwepo, tena la umma, ng'ambo ya barabara. Meneja akakwambia watoto wetu wanataka kuingia na chupi, wateja watakimbia.

"Na wakivaa vizuri?"

Akacheka. "Wakivaa vizuri, mama, walete."

Hukujua mzaha wewe. Ukaokoteza mabaki ya vitambaa kwenye karakana ya nguo za michezo, ukashona mpaka macho yakawa mekundu. Jumamosi ukawapanga watoto getini, wote kijani kibichi mpaka kofia. Meneja akakosa pa kutokea. Akakupa saa moja tu kila Jumamosi asubuhi, kabla wanaolipa hawajaja, maji yakiwa baridi ya kung'oa meno. Mwalimu wa bwawa, yule tunayemwita Twiga, akakubali kuwafundisha bure.

Saa moja kwa wiki haikutosha, ukabuni mtindo wako. Siku za katikati ya wiki mtoto analala kifudifudi juu ya meza ya kukatia, anapiga miguu, anageuza kichwa kuvuta pumzi, nawe unamhesabia huku unashona. Mteja mmoja aliingia akashtuka.

"Mama Fundi, huyu anaumwa?"

"Haumwi, yuko bwawani. Sogea, atakulowesha."

Presha ilipokuchukua ghafla, meneja alikuja msibani na shada la maua kubwa kama mlango. Akaomba kipaza sauti, akaahidi mbele ya watu kwamba saa ile ni ya watoto wako siku zote, kwa heshima yako. Tukampigia makofi, Mama. Makofi, msibani!

Udongo wa kaburi lako haujakauka, geti likafungwa. Masomo ni ya wanachama tu. Twiga alipobisha, akafukuzwa kazi. Baba alikwenda mwenyewe, na fimbo yake, akajibiwa, "Mzee, yale yalikuwa makubaliano yangu na marehemu." Ila picha yako wameiacha mapokezi, umezungukwa na watoto wa kijani, na chini yake wameandika: Bwawa la Watu Wote. Hawana haya hata kidogo. Ulipokuwa hai walikupitisha mlango wa nyuma.

Na hili ndilo linalotuchoma zaidi. Mjukuu wako Chura, zamu yake ya kuingia majini haikuwahi kufika. Anachokijua ni meza yako. Kila akitoka shule alikuwa anaipanda, anapiga miguu, anajihesabia kwa kuigiza sauti yako. Wiki iliyopita mdogo wangu, baba yake, alimkuta ukingoni mwa shimo la kokoto. Amevaa nguo ya kijani uliyomshonea, kofia kichwani, mikono ameshainua.

"Nilitaka kuona kama majini ni sawa na mezani," alisema. "Bibi alisema miguu yangu iko tayari."

Baba yake, mtu mzima na ndevu zake, alikaa kwenye tope akalia. Jioni ile tuliigeuza meza yako miguu juu ili mtoto asiipande tena. Utusamehe kwa hilo.

Kwa hiyo kwenye kumbukumbu yako hii ya mwaka hatupiki wala hatukodi viti. Jumamosi asubuhi, saa yako ileile, tutakuwa kwenye geti la bwawa na watoto wako wote. Nguo zilizowabana, mkweo anazitanua kwa cherehani yako. Twiga atakuwepo. Mwenye mtoto aje naye. Meneja hatumwandikii barua, kusoma gazeti anajua.

Unakumbukwa na mumeo, anayekwenda na fimbo yake; wanao tuliobaki; wakwe zako; dada yako mkubwa, aliyeapa kukaa chini getini mpaka lifunguliwe; na Chura, atakayesimama mbele ya mstari.

Pumzika, Mama. Sisi hatujakusahau hata siku moja. Waliosahau, tunakwenda kuwakumbusha.