Duara la Mchangani

Jumatano, 4 Machi

Tumefika porini mchana. Mgongo hauna hamu na mimi. Hema langu nimelisimamisha mara mbili — la kwanza lilinilalia kichwani, Dada akacheka mpaka akakaa chini. Lake lilishasimama zamani. Dada ni fundi wa kuchomelea vyuma, anachoshika kinasimama. Mimi nashika maneno tu. Mjini nafanya ukalimani hospitali: daktari anasema, nageuza kwa mikono, kiziwi anajibu, nageuza kwa mdomo. Huku nimekuja kwa kazi hiyohiyo, na mbu juu yake.

Mkutano ni wa wiki nzima. Kuwasha moto bila kiberiti, mafundo ya kamba, kuchonga vijiko, kutafuta njia bila simu. Jipya la mwaka huu: baada ya chakula cha mchana kila kundi litakuwa na pahali pake. Wanawake pao, wazee pao, viziwi pao. Mtu akae na wenzake bila kujieleza kwa yeyote. Mratibu ametangaza hivyo akiwa amesimama juu ya kreti ya soda, na kofia yake ambayo haivui hata akila.

Kwa viziwi hili ni jambo kubwa. Mwaka jana walikaa nyuma ya kila darasa wakitazama visogo vya watu. Dada, kiziwi mwenyewe, ndiye aliyepigania pahali hapo, kikao baada ya kikao, na kila kikao nilitafsiri mimi. Mratibu alipotaja duara la viziwi nilijiona kama mama mwenye sherehe.

Alhamisi, 5 Machi

Nimenuna. Naandika nikiwa nimenuna.

Leo makundi yamechagua pahali. Wanawake wamewahi kivuli cha karibu na jiko, wajanja hao. Dada na wenzake wameuzunguka msitu wote na kila walipofika walitikisa kichwa. Miti, matawi, vivuli. Watu wa lugha ya alama lazima waonane mikono. Mti ukikaa katikati yenu, mwenzako amenyamazishwa. Mwisho wakateremka kwenye mto mkavu. Mchanga mpana, mweupe, mwanga tele, hakuna hata kichaka, isipokuwa mwamba mmoja mkubwa umejikalia katikati kama ng'ombe. Wakajipanga duara kando yake na kila mmoja akamwona kila mmoja. Fundi cherehani, ambaye ndiye mkubwa wao kwa umri na kwa mzaha, akasema kwa mikono kwamba hapa hataweza kumsengenya mtu tena, umbea wote utaonekana.

Nilicheka nao. Nikatandika mkeka wangu.

Dada akaja. Akanisemesha kwa ishara ndogondogo karibu na kifua, anavyosema mambo mazito. Kwamba duara ni la viziwi, wanaosikia hawaingii. Nikamjibu sawa, nitawaambia wasiingie. Akautazama mkeka wangu. Kisha akasema: wewe pia, mdogo wangu.

Mimi huyu! Niliyejua kuomba maziwa kwa vidole kabla sijajua kutamka "mama". Niliyempigania shuleni mpaka nikang'olewa kifungo cha sare. Nikamuuliza sasa nani atawatafsiria. Akasema ndiyo maana yenyewe, humo ndani hakuna cha kutafsiri. Nikiwepo mimi, hata nikae kimya, mikono yote inanigeukia, na wao wanarudi kuwa wageni.

Nikakunja mkeka. Na ana haki, hilo ndilo linaloniudhi.

Mpishi aliponiona na uso ule akaniuliza nani amefariki. Nikasema hakuna. Akanisogezea beseni la vitunguu nimenye, akasema angalau nilie kwa sababu inayoeleweka.

Ijumaa, 6 Machi

Asubuhi nilishtukia jambo nikiwa na mswaki mdomoni. Huku ikitokea hatari, mlinzi anapuliza filimbi mfululizo na watu wote wanakimbilia jikoni. Filimbi! Na kule mchangani je? Nikamfuata Mratibu. Akashika kofia. Hakuwa amefikiria. Hata mimi sikuwa nimefikiria, na mimi ndiye mkalimani mzima.

Dada akalimaliza yeye. Kamba ndefu kutoka jikoni hadi katikati ya duara, ikafungwa kwenye mti mrefu uliochomekwa mchangani, na juu yake kitambaa chekundu. Ukivuta jikoni, kitambaa kinacheza kule. Tukajaribu tena na tena. Fundi cherehani alijifanya ameshtuka akaanguka chali, akabaki amelala ulimi nje. Dada akamrushia mchanga.

Kuzunguka duara lote wamefunga utepe wa njano. Asiye kiziwi mwisho wake hapo.

Nikipanda kurudi nikaona kitu kwenye panda ya mti, ukingoni, juu kuliko kichwa changu. Nyasi kavu na vijiti vimejisokota. Nikadhani kiota. Nikavuta kwa fimbo, ikadondoka kandambili ya mtoto, imejaa mchanga. Nikakaa nayo mkononi. Nani aliiweka huko juu.

Mratibu akaigeuza mara moja tu. Kwamba ni ya enzi hizo, mto huu ulishakufa, pikipiki zinapita humo kama barabarani. Nikamwonyesha Dada. Akatazama mbinguni, hakuna wingu hata la dawa. Akaniuliza taratibu: hii ni hofu, au kinyongo?

Nikaikung'uta mchanga. Nimeiweka ile kandambili nje ya hema. Ndani sikuitaka.

Jumamosi, 7 Machi

Huku jua la kuchoma utosi. Kule milimani kumefunga giza tangu asubuhi. Mpishi anasema anasikia radi, nami naisikia, mbali, kama jirani anaburuta meza. Mratibu anasema mvua hiyo ina wenyewe.

Nimekula kidogo.

Alasiri nikashuka hadi kwenye utepe. Nilisimama nje, sikuvuka. Dada alikuwa anawafundisha kuwasha moto kwa upinde na kijiti. Moshi ukatoka, wote wakapiga kelele, zile sauti zao nene ambazo mjini wanazimeza kwa sababu watu hugeuka kuwakodolea macho. Hapa hakuna aliyemeza kitu. Dada alikuwa anacheka kwa sauti kubwa, kichwa nyuma. Sijawahi kumsikia hivyo, na tumelala chumba kimoja utoto wetu wote.

Nilitaka kumwambia kuhusu milima. Lakini ningeingia na uso wangu wa msiba na kila mkono ungenigeukia. Nikaikagua kamba badala yake. Imekaza vizuri. Nikarudi zangu.

Mlinzi naye ameanza kuitazamatazama milima. Nimemuuliza, akaniambia anaangalia ndege.

Jumapili, 8 Machi

Nimekaa kwenye jiwe, ukingoni mwa mto. Nimeambiwa nisibanduke hapa. Naandika ili mikono ipate kazi, maana mikono hii inatakiwa itulie. Macho yangu yako kule kwenye mwamba, naandika kwa kuibia.

Baada ya chakula Dada na wenzake waliteremka mchangani kama kawaida. Mimi nilibaki nasugua sufuria na Mpishi. Akainua kichwa, akauliza kuna lori linakuja? Huku hakuna njia ya lori. Tukatazamana. Filimbi ikalia. Nikairukia kamba, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Ikaja. Ikaja nyepesi, inateleza tu kwenye nyasi, mpaka nikaishika ncha yake. Imekatwa kwa kisu kikali, safi kabisa.

Ni mwalimu wa mafundo ya kamba, tunamwita Kitanzi. Asubuhi darasa lake lilikuwa la kuvusha mizigo. Alihitaji kamba ndefu isiyo na kiungo, akaikuta hii imejilaza, akadhani ni ya kuweka mpaka tu, na mpaka si upo, utepe ule wa njano? Duara lilikuwa tupu saa ile, angeingia akafungua fundo akaona limefungwa wapi na kwa nini. Hakuingia. Aliheshimu. Akaikata nje ya utepe kwa adabu zake zote, na huku jikoni akaacha kipande kwa sababu fundo la Dada lilikuwa zuri mno, akaona dhambi kuliharibu. Ananieleza hayo huku analia, na mimi sina nafasi ya kumchukia sasa hivi.

Nilikimbia. Nikafika ukingoni na maji yakafika pamoja nami. Si maji, ni tope lililobeba miti. Utepe ulikwenda kama uzi wa nguo. Nikapiga ukelele nikimwita Dada. Nimekuwa naye maisha yangu yote, na bado nilimwita kwa mdomo.

Hawakuwa mchangani. Fundi cherehani aliyasikia kwa nyayo, Dada ameniambia baadaye kwa mikono, akainua mkono na wote wakakimbilia kilichokuwa karibu: mwamba. Wako juu yake, wameshikana. Wote wapo. Mmoja ameumia mguu. Maji kushoto kwao, maji kulia kwao.

Mratibu na mlinzi walikuwa wanawapigia kelele, viganja mdomoni, kaeni hapo hapo, msishuke. Wanawapigia kelele viziwi, juu ya ngurumo ile. Nilimvuta Mratibu shati nikamwambia nyamaza, niambie mimi. Nikapanda hapa jiweni. Nikainua mikono, na Dada akaniona. Ng'ambo ile yote, kelele ile yote, tunaongea kana kwamba tuko mezani. Nimesema aliyosema Mratibu. Dada amejibu. Nimesema aliyojibu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi, mkalimani haongezi lake.

Kitanzi amerusha kamba mara nyingi. Haifiki.

Sasa maji yamepungua. Kweli yamepungua, naona mchanga unatoka upande huu, na kwenye mwamba kuna mstari wa unyevu unaoshuka. Mratibu amechangamka, amevua kofia kwa mara ya kwanza. Anasema ndiyo basi, limekwisha, waambie wavuke sasa hivi, magotini tu, washikane mikono wavuke.

Mikono nimeilaza mapajani. Nasikia lori tena. Mbali, huko juu. Nimemuuliza Mpishi kama anasikia. Anasema masikio yake yamejaa ngurumo tangu mchana, hawezi kuapa. Mlinzi anasema ni upepo. Mratibu anasema nina hofu, ni kawaida, lakini nikichelewa tutajuta, kazi yangu ni kusema tu.

Wakikaa, na giza linaingia, na mwamba ule si mrefu. Wakivuka, na lile ninalolisikia ni kweli. Na huenda silisikii. Huenda ni moyo wangu unanipiga masikioni.

Dada ananisemesha. Anauliza mwenye kofia anasema nini, mbona mdomo wake unakwenda na mimi nimekaa kimya. Nimemwambia subiri. Ameuliza tena, ishara kubwa, mkono mzima: unasikia nini?

Mratibu amechoka na mimi. Anapunga kofia, anawaita kwa mkono, njooni, njooni. Hiyo hata mtoto anaielewa.

Dada ameshuka kwenye mwamba. Ameingiza mguu mmoja majini na amemshika fundi cherehani mkono. Hamtazami Mratibu. Anatazama mikono yangu, na mmoja bado umeshika kalamu —