Muguu wa Kushoto wa Baba Bruno

Jumanne, 12 Machi 2024

Herufi nilizipata kwa masista wa parokia, nikiwa tayari na wajukuu. Shule sijui hata mulango wake. Basi anayesoma hapa bila ruhusa asinicheke, nitamufinya.

Leo watu wa utafiti wa ugonjwa wa sukari wamefika kwetu Kasenga. Wanatafuta namna gani wenye sukari wasikatwe miguu. Aliyeingia kwetu ni Claire, infirmière, muuguzi wao, mutoto wa heshima. Iko na kauzi kagumu kama ka kuvulia samaki. Mugonjwa anafunga macho, anaguswa chini ya muguu, akisikia anasema "nasikia".

Muzee wangu Baba Bruno, bwana yangu mwenye sukari, amekataa kuvua viatu. Amesema aguswe juu ya kiatu! Claire alidhani ni utani. Muzee akafunga macho yake vizuri kabisa.

— Nasikia! Nasikia! Hapo tena, nasikia!

Claire alikuwa bado anakunywa maji.

Ijumaa, 15 Machi

Claire amenifundisha: kila jioni niangalie miguu ya muzee, chini na katikati ya vidole. Mwenye sukari anaweza kukanyaga makaa asijue. Nimeweka beseni, sabuni, taa. Muzee akatoa muguu wa kulia, kama muntu anayeonyesha karte kwa askari. Wa kushoto? Hapana. Umelala, amesema.

Umelala! Tangu Noeli sijauona. Analala na kiatu ndani ya shuka zangu.

Nimemubana mpaka akasema. Rafiki yake Ngendakumana, yule wa Luvungi, alionyesha dokta kidole tu. Alirudi muguu umekatwa, anaegemea gongo. "Angenyamaza angekuwa anatembea." Kwa hiyo kinachokata muguu ni kuonyesha!

Nimemuambia: angenyamaza angekuwa kaburini, mupumbavu weye. Kisha nikamupikia sombe, sababu mupumbavu naye anakula.

Jumatatu, 18 Machi

Harufu nyumbani. Muzee anasema ni ndagala za jirani, Consolate, vile visamaki vinavyoanikwa nyuma ya ukuta. Ameenda mwenyewe kumugombeza! Consolate amehamisha ndagala zake zote mpaka kwa dada yake, akilia.

Jioni harufu iko palepale. Muzee amenusa hewa, akasema ndagala zina ukaidi.

Minye sikucheka. Nimekaa jikoni peke yangu. Ninaogopa, niandike hivyo tu. Ninaogopa.

Jumatano, 20 Machi

Nimepata akili! Alhamisi Kuu mupadri anaosha miguu ya wanaume kumi na wawili, kama mitume. Muzee ametamani kiti kile miaka yote, hajawahi kuitwa. Nimeenda kwa Padri Évariste: muite muzee wangu, na Claire ashike taulo, aone.

Padri akasema, mama, ile ni ibada ya upendo, si konsultasio ya hospitali. Nikamuambia, padri, upendo gani unaogopa harufu? Amekuna kichwa. Amekubali.

Jumapili ya Matawi, 24 Machi

Jina lake limesomwa! Muzee alisimama akapungia watu mukono kama depite anayeomba kura. Nyumbani ameweka kiti katikati ya sebule, anafanya mazoezi ya kukaa na kunyoosha muguu. Na kiatu. Nimemuuliza, hata mbele ya mupadri utavaa kiatu? Akasema nisiingilie mambo ya mitume.

Alhamisi Kuu, 28 Machi

Niandike yote.

Kosa ni langu. Kila mwaka nakaa pale mbele, naangalia, na sikufikiri — mupadri anaosha muguu mumoja tu! Wa kulia! Muzee alijua. Alivua kiatu cha kulia taratibu, akatoa muguu umepakwa mafuta, unang'aa kama wa mutoto. Claire aliniangalia na taulo lake. Minye nilimuangalia padri.

Padri akasema kwa upole:

— Muzee, leo tunaosha yote miwili.

— Tangu lini?

— Tangu leo.

— Basi tangazeni kwanza, muanze mwaka ujao.

Kwaya ikamaliza wimbo, ikauanza tena. Padri bado amepiga magoti. Consolate nyuma yangu akanong'ona: "Mama Bruno, fanya kitu, bado sijala."

Nikaenda. Nilipita wazee, nilipita mishumaa, nikashika kiatu kile nikavuta. Muzee akashika mabega ya padri. Padri akakaa ndani ya beseni. Kiatu kikatoka.

Musumari. Umepita soli, umepita soksi, umeingia chini ya kidole kidogo. Kidole cheusi kama makaa. Harufu ikafika mpaka kwa kwaya, wimbo ukakatika. Na Consolate akapaza sauti mbele ya kanisa zima:

— Mumeona! Si ndagala zangu!

Muzee akainama kuangalia. Kumbe yeye pia hakuwa ameuangalia. Akasema polepole:

— Mama Bruno, huu muguu si wangu.

Nilikuwa na matusi tayari, ya wiki nzima. Yalikwisha. Nikafungua kitenge changu nikaufunga.

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Hospitali. Kolidoo imejaa mitume wa jana! Wake zao wamewaleta kwa nguvu, wanaume wazima, miguu wazi, wanangoja Claire. Mumoja anashika soksi yake kama inaibiwa. Claire anacheka na kulia pamoja. Tangu utafiti uanze wanaume walikuwa wanamukimbia.

Lakini ndani hakuna kicheko. Dokta hakuzungusha maneno. Kidole kimekufa. Kikibaki, kinakula muguu. Kikikatwa leo, pengine muguu unapona. Nilimuuliza tena lile "pengine". Hakulibadilisha. Na kidole kinachofuata kile kidogo, hajui bado kama kikatwe pamoja au kiachwe.

Muzee amegeukia ukuta.

— Minye siangalii. Uangalie weye. Ukisema kikatwe, kikatwe. Ukisema viwili, viwili.

— Minye si dokta, Baba Bruno.

— Dokta hajalala na mimi.

Infirmière mumoja akacheka, akatoka.

Nikashika. Kidole kidogo ni baridi, kama jiwe la ziwani. Hicho sibishani nacho. Kinachofuata — kina joto kidogo. Au ni joto la mukono wangu? Nikaupuliza mukono upoe, nikagusa tena. Nikaupuliza tena.

Dokta anasema tusichelewe. Nimeomba nitoke kidogo, nimeegemea mulango, naandika wima. Ndani ninamusikia, sauti ndogo, ile ambayo hajaitumia tangu tuoane:

— Mama Bruno? Unasema nini? Mama Bruno, ni vingapi?