Dawa Haina Ngumi

Mshauri wetu,

"Dawa haina ngumi." Hivyo ndivyo alivyoniambia shemeji yangu mkubwa, kaka wa mke wangu, amesimama katikati ya karakana yangu mbele ya wateja wawili, na mimi nataka kwanza uandike gazetini kwamba ni uongo, halafu unisaidie, maana nilichokifanya ili kumthibitishia kwamba ni uongo kimenikaa shingoni.

Mimi ni fundi wa makochi, mke wangu ni mwalimu wa darasa la pili. Miezi mitano iliyopita alipata mshtuko wa moyo akiwa anasahihisha madaftari, tukamkimbiza hospitali, wakamwekea kijibomba cha kuuacha mshipa wazi, akarudi nyumbani na vidonge vya namna nne, viwili kati ya hivyo vya kuzuia damu isigande, na daktari akaniambia mimi, si yeye, "Baba, hivi viwili asikose hata siku moja." Kwa hiyo kazi ya vidonge nikaishika mimi, kila asubuhi navitoa kwenye pakiti namwekea kwenye kisahani pembeni ya chai, naye anavimeza bila kuvitazama huku anatafuta viatu.

Mwezi wa tatu tangu arudi nyumbani yakaanza mabaka. La kwanza mkononi, la zambarau, kubwa kama kiganja, tukacheka, nikamwambia umepigana na ubao. Kisha pajani, kisha begani, kisha chini ya jicho, alilala mzima akaamka nalo, na hilo la jicho ndilo lililonimaliza. Walimu wenzake wakawa wananyamaza nikienda kumchukua, mwalimu mkuu akaniita ofisini akaniuliza kama nyumbani kuna amani, na kesho yake shemeji zangu watatu wakaingia karakana. Nikawaeleza kwamba ni dawa, zinafanya damu iwe nyepesi, ndipo mkubwa akanipa hilo neno la ngumi, na mdogo wake akaongeza, "Au labda kochi ndilo lililompiga, fundi?" Wakacheka, wateja nao wakacheka, na mmoja akaondoka na kitambaa chake. Mke wangu alikwenda kwao mwenyewe akawaambia, "Kaka, hajanigusa," lakini unajua mwanamke akisema hivyo watu wanasikia nini.

Niseme yote. Miaka kumi na moja iliyopita nilimpiga. Makofi mawili, mbele ya kaka yake huyohuyo. Niliomba radhi, sijarudia, na hakuna aliyesahau.

Basi asubuhi moja nilivitoa vile vidonge viwili nikavitia mfukoni, na kwenye kisahani nikaweka vya vitamini vinavyofanana navyo. Nilijiambia siku tatu tu, mabaka yafifie, niwaonyeshe kwamba ni dawa. Tatu zikawa kumi, mabaka yakageuka manjano, yakaisha, na shemeji mkubwa akaja mwenyewe, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Umebadilika, shemeji. Mungu ni mkubwa." Yaani sasa ana hakika kwamba nilikuwa nampiga na nimeacha!

Leo ni siku ya kumi na tisa. Nikivirudisha mabaka yatarudi, nitakuwa mpigaji aliyerudia. Nisipovirudisha, najua alichosema daktari. Juzi mke wangu alisimama katikati ya ngazi za shule, mkono kifuani, akaniambia, "Baba watoto, usinitazame hivyo, ni uchovu tu na haya magoti," maana magoti yanamsumbua na kuna vidonge vya maumivu anavyojinunulia duka la dawa tangu kabla mabaka hayajaanza, hivyo vya magoti mimi simo. Mshauri, nifanye nini nimwokoe bila kuaibika tena? Na ukichapa barua hii tafadhali badilisha kazi zetu, usitaje makochi wala darasa la pili.

Fundi niliyekwama

Fundi,

Nianze na shemeji yako, kwa kuwa yeye ni mwepesi kujibiwa. Dawa ina ngumi. Inayozuia damu isigande kwenye moyo haichagui pengine pa kuiacha igande. Mtu anaegemea ukingo wa meza, damu inavilia. Analalia mkono wake, damu inavilia. Shemeji alikuwa na haki ya kuuliza, tena wewe ndiye uliyempa haki hiyo miaka kumi na moja iliyopita, na hata mimi sina njia ya kujua kama unasema kweli. Lakini alikuuliza wewe, mbele ya wateja, kwa mzaha. Na dada yake alipomjibu kwa kinywa chake, hakumsikia.

Barua yako nilimsomea daktari wa moyo. Alinikatiza mara mbili. Mara ya kwanza kwenye vidonge vya magoti, vile ambavyo wewe "humo". Dawa nyingi za maumivu zikikutana na hizo za kuzuia damu kuganda zinazidisha kutoka kwa damu, na si chini ya ngozi tu, hata tumboni, ambako baka halionekani. Huenda jibu la mabaka yote lilikuwa ndani ya mkoba wa mkeo. Wanaume wanne wazima mmegombana karakana nzima ikawasikia, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mgonjwa swali la maneno matatu: unameza nini kingine?

Mara ya pili alinikatiza kwenye vitamini. Aliuliza, "Una namba ya huyu mtu?" Sina. Barua yako haina simu, bahasha haina anwani. Ulijificha vizuri.

Unataka kumwokoa bila kuaibika. Bwana, hayo ni mambo mawili, na kwa siku kumi na tisa umechagua moja. Makofi yale mawili kaka yake aliyaona. Haya mengine umempiga kila asubuhi, kwenye kisahani, pembeni ya chai, na yeye akakuambia asante. Kijibomba kile kikiziba, hapatakuwa na baka la kukusuta. Patakuwa na matanga, na shemeji zako watakushika mkono tena.

Na yule daktari wa hospitali aliyekuambia wewe badala ya mkeo, naye nina neno naye. Mwanamke anafundisha watoto wa watu kusoma. Angeshindwa kusoma pakiti?

Sasa sikiliza. Mpeleke hospitali leo, sehemu ya dharura, kwa sababu mkono kifuani hausubiri tarehe ya kliniki. Beba pakiti zote: za moyo, za vitamini, za magoti. Usimrudishie vidonge kimyakimya, wala usimpe viwili viwili kufidia. Daktari ndiye atakayesema vinaanzaje. Mtajie siku uliyoanza kuvibadilisha, na uitaje mkeo akiwa amekaa hapo hapo, si kwenye korido. Akilia, kaa. Akikuambia toka, toka. Tangu leo vidonge vyake avitoe yeye kwa mkono wake. Mabaka yakirudi, ni ya kupelekwa kwa daktari, apime damu, abadilishe dawa au kipimo chake. Shemeji zako uwaambie ulichofanya kwa mdomo wako, wote watatu. Wakikuita muuaji, usibishane nao, umekaribia sana.

Umeniomba nibadilishe kazi zenu. Sijabadilisha hata moja. Simwamini mtu aliyeihifadhi aibu yake kwa siku kumi na tisa kwamba atafika hospitali siku ya ishirini, na gazeti hili linasomwa katika ofisi za walimu wakati wa mapumziko.

Kwa hiyo nasema na ninyi, walimu mliokuwa mnanyamaza mumewe akipita. Mwenzenu wa darasa la pili, aliyerudi kazini baada ya mshtuko wa moyo, mume wake fundi makochi, amekaa wiki tatu bila dawa inayomweka hai na hajui. Mtoeni darasani sasa hivi. Mmoja abaki na watoto wake, wawili mwende naye hospitali, na gazeti hili mkamwonyeshe daktari. Msimsubiri mumewe.