Mapeasi Yangu, Paris Yao

Selina, uko? Nina hasira, acha tu.

Ile safari yangu na Zahoro ya Ulaya, Roma halafu Paris. Nauli, hoteli, vyote vimetoka kwenye mapeasi yangu, unajua.

Leo baba mkwe kaitisha kikao. Si alikuwa mwenyekiti wa kijiji enzi za Ujamaa. Kasema mali ya nyumba ni ya wote, kwa hiyo Zahoro aende na kaka yake.

Na kaka yake, Selina.

Nikauliza kwa adabu, baba, na mimi je? "Wewe ukienda, nani atachuma mapeasi?"

Namtazama mume wangu, anakoroga chai.

Eti anakoroga chai.

Sasa niko stendi ya Soni nasubiri gari. Pasipoti ya Zahoro nimeondoka nayo. Si mali ya nyumba ni ya wote.